Kiingereza cha Kuomba Chumvi

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Sori hakuweza kutamka neno la samaki. Kwa Kiingereza neno hilo linaishia na ile sauti ya kumnyamazisha mtoto mchanga, na sauti hiyo haimo katika Kijaluo, kwa hivyo ilimtoka kama hewa ya gurudumu la baiskeli lililochomwa na mwiba. "Semeni kama mimi," alituambia, akasema vibaya. Tukasema vibaya kama yeye. Akatuchapa kwa sababu tumesema vibaya. Sisi watoto arobaini na kitu, tuliozaliwa kwa samaki, tukalelewa kwa samaki na kulipiwa karo kwa samaki, hatukuweza kumtaja samaki mbele ya mzungu.

Simlaumu. Alikuwa kijana mwenye bidii, kaptura yake imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, soksi zimefika magotini. Naye alikuwa amefundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu aliyewahi kumsikia mzungu akiongea kwa mbali kidogo. Kiingereza kilipofika Sori kilikuwa kimechoka na safari.

Baadaye nami nilikuja kufundisha lugha hiyo, miaka thelathini na zaidi, na kila mara alitokea mtu, mzazi au mkaguzi, akaniuliza: kwa nini mtoto huyu anaongea Kiingereza kama maji, na ndugu yake wa tumbo moja, shule moja, anakigugumia? Walitaka nitaje vitabu, redio, walimu, akili. Niliyataja yote, maana mtu akija kwako na swali si vizuri kumrudisha mikono mitupu. Lakini moyoni nilikuwa nikiona kichanja cha kuanikia samaki na mwanamke mzee ameshika kisu. Huyo nitamfikia. Kwanza niseme jinsi mdomo wangu ulivyoshonwa.

Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu alinisimamisha nieleze kwa Kiingereza nilichofanya Jumamosi. Nilikuwa nimefanya mengi, na maneno yake nilikuwa nayo. Nilipofika sentensi ya pili mvulana mmoja wa nyuma akacheka, sijui kwa nini hadi leo, kisha mwalimu naye akacheka. Mwalimu akicheka, darasa limepewa ruhusa. Niliketi nikapiga hesabu ya haraka: aliyenyamaza hajakosea. Kuanzia siku hiyo Kiingereza changu kilihamia kwenye daftari na kukaa humo. Kilikuwa kizuri, nisijifanye mnyenyekevu. Insha zangu zilisomwa mbele ya darasa, ila msomaji alikuwa mwalimu, na neno la samaki likitokea aliliruka kama anavyoruka mtu dimbwi.

Ubaya ni kwamba kunyamaza kwangu kuliwapendeza watu. Kwetu, binti anayemkazia macho mtu mzima na kumjibu kwa maneno marefu huulizwa amelelewa boma gani. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu, nikajibu kwa neno moja, na wazee wakamwambia mama amezaa mtoto mwenye adabu. Woga wangu ulivaa nguo ya adabu, nikawa naenda nao hadi kanisani, na hakuna aliyeutambua.

Basi ikafika katikati ya miaka ya sitini, bendera mpya bado haijapauka, nikafanya mtihani wa darasa la saba na kupita vizuri. Ikaja barua. Shule moja ya sekondari ya wasichana, upande wa Homa Bay, ilikuwa na nafasi mbili kwa wasichana wa huku kandokando ya ziwa. Tulioitwa tulikuwa tisa. Mtihani wa kuandika ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni kuketi mbele ya mkuu wa shule, mzungu, na kuongea naye kwa Kiingereza. Kuongea. Niliisoma barua ile mara tatu nikitumaini neno hilo litabadilika.

Baba alikuwa akifanya kazi chini ya ardhi, kwenye mgodi wa Macalder, na aliyasema mambo kama yalivyo. "Mgodi huu umebakiza miezi," aliniambia. "Ukipata nafasi mwaka huu, nitauza ng'ombe uende. Usipoipata, mwakani ni zamu ya kaka yako, na sijui kama nitakuwa na kazi wala ng'ombe." Hakusema kwa ukali. Mimi niliitaka shule ile. Nilitaka kitanda chenye shuka, nilitaka maktaba, na nilitaka zaidi ya yote kuketi mahali ambapo insha yangu nitaisoma mwenyewe. Sasa mlango wake ulikuwa umelindwa na kitu kimoja tu nisichokiweza.

Baba aliamua kunifunza. Alikuwa anarudi nyumbani kila Jumamosi kwa baiskeli, vumbi masikioni na Kiingereza mdomoni, na Kiingereza chenyewe kilikuwa cha mgodini: chote amri, na nusu yake matusi ambayo yeye aliyadhania ni salamu. Aliketi kwenye kiti chetu cha pekee chenye mgongo, akavaa kofia yake ya chuma, akawa mzungu. "Nambari yako ngapi?" alinguruma. "Kwa nini umechelewa? Shuka chini haraka." Kila swali nililijibu, "Ndiyo, bwana." Baba alifurahi mno. "Umepita," akasema. "Tena hapo ungepewa hata taa ya mgodini."

Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa ameegemea mlango wa jikoni akitutazama. Hakujua Kiingereza hata cha kumfukuza mbwa. "Huyu mtoto anaitikia kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni," alisema, akaenda zake.

Sasa lazima nieleze nyanya alikuwa mtu wa aina gani, na siwezi kumweleza bila kueleza pakruok. Kwetu watu wakikusanyika baada ya mavuno, mpiga nyatiti akachapa nyuzi zake, yeyote ana ruhusa ya kuusimamisha wimbo. Anamtupia mpiga nyatiti senti, wimbo unakatika, na mtu anasimama kujisifu mbele ya wote: yeye ni nani, wa nani, anaweza nini. Hiyo ndiyo pakruok. Akimaliza wimbo unaendelea, hadi mwingine atupe senti yake kumjibu na kumpita. Wala si majivuno. Ni adabu ya karamu, na mtu anayekaa kimya mwanzo hadi mwisho ndiye anayetiliwa shaka. Kuna jambo moja tu la kukumbuka. Mtu hatupi senti kumjibu dhaifu. Ukijibiwa, ujue umesikika.

Nyanya aliogopwa ziwa zima kwa pakruok. Kanisa lilikataza mambo hayo, naye Jumapili alivaa kitambaa chake cheupe akaketi mbele kabisa, ila Jumamosi alikuwa mahali pengine, na alisema Mungu hajawahi kumlalamikia. "Mimi," alikuwa akisema akiwa amesimama, mkono kiunoni, "mimi ninayepasua samaki mia kabla jogoo hajakumbuka kazi yake. Mimi niliyeolewa na mwanamume akasahau njia ya kwenda kuoa mwingine." Babu, alipokuwa hai, alikuwa akiinamisha kichwa hapo, sijui kwa aibu au kwa kukubali.

Siku ya pili baada ya somo la baba, nyanya aliniita kichanjani nimsaidie kugeuza samaki. Walikuwa ngege waliopasuliwa mgongo wakalazwa wazi juani, na pembeni palikuwa na beseni la chumvi.

"Sema hicho Kiingereza nikisikie," alisema.

"Dana," nilimwambia, maana kwetu nyanya huitwa hivyo, "wewe hukielewi."

"Ndiyo maana nakwambia useme. Nitakucheka kwa lipi, nami sijui ulipokosea?"

Nilimtazama ngege aliyekuwa karibu nami nikamwambia kwa Kiingereza jina langu, shule yangu, na kwamba nilikuwa darasa la saba. Nyanya aligeuza samaki wawili bila haraka.

"Umesema nini?"

"Nimesema jina langu."

"Hapana. Umeomba chumvi. Mtu akienda kwa jirani kuomba chumvi huongea hivyo hivyo, kichwa upande, sauti chini, yuko tayari kunyimwa. Hilo jina uliliomba kwa nani? Liseme kama mtu anayetoa chumvi."

Nikarudia. Akasema bado naomba, ila sasa naomba kwa jirani mwema. Nikarudia tena. Jua lilituchoma, nzi wakatuzunguka, na nadhani nilisema jina langu mara ishirini kabla hajanipa ruhusa ya kwenda sentensi ya pili.

Tukafanya hivyo kila alasiri kwa muda wa wiki nne. Nyanya alikuwa na njia yake. Nikiwa kimya nageuza samaki, ghafla anagonga beseni la chumvi kwa mpini wa kisu, tang, na maana yake ni kwamba wimbo umesimama na zamu ni yangu. Hapo lazima nijisifu kwa Kiingereza, papo hapo, bila kusema sijui. Mwanzoni nilijisifu kwa yale ya kwenye kitabu cha shule, kwamba hii ni kalamu na ile ni meza. Nyanya alisikia uvivu. "Hapo hukuwepo," alisema. "Midomo ilikuwepo peke yake." Nikaanza kusema ya kweli: hesabu zangu, kazi ya mikono yangu, jinsi nilivyowashinda wavulana. Maneno yakiniishia alinisubiri. Nikiazima neno, nikilikunja, nikilitengeneza mwenyewe, hakujali. Siku moja nilisema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mwogeleaji hodari kuliko wote Sori, akainua kisu. "Hapo umedanganya. Rudi nyuma." Na kweli nilikuwa nimedanganya. Mpaka leo sielewi alisikiaje.

Siku ya mwisho nilimuuliza mbona yeye hanijibu, hatupi hata senti moja, ili nisikie pakruok yake. Alinipa beseni nikalioshe.

"Bado sijasikia mtu wa kumjibu," alisema.

Iliniuma. Nilikuwa nimejiona nimefika.

Kesho yake mwalimu naye aliniita kunipa ushauri wake wa mwisho. Alisema kwa mzungu mtu hujibu kwa ufupi. Ndiyo, hapana, asante. Nisijitangaze, nisimkazie macho, nisipanue mdomo. Akaniandikia ubaoni methali ya Kiswahili kwa mwandiko wake mzuri: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimpelekea nyanya methali hiyo. Alicheka hadi akaweka kisu chini. "Nimekaa sokoni tangu mama yako hajazaliwa," alisema. "Samaki wa kujiuza mwenyewe sijamwona. Huyo mwalimu akimwona amlete tumjue."

Lakini nitasema ukweli. Moyoni niliamua kumfuata mwalimu. Mwalimu alikuwa na cheti, na nyanya alikuwa na kisu tu.

Baba aliomba ruhusa mgodini akanisindikiza. Tulilala kwa dada yake, mahali paitwapo Rodi Kopany, na asubuhi tukaingia Homa Bay mapema mno, kama watu wote wanaotoka mbali. Walituketisha wasichana tisa kwenye benchi nje ya ofisi, dirisha liko wazi juu ya vichwa vyetu. Aliyetangulia kuitwa alikuwa binti wa karani wa pale mjini, msichana mwenye viatu. Tulimsikia akiongea na mkuu wa shule kama anaongea na shangazi yake. Mara anaeleza, mara anauliza, mara wote wawili wanacheka. Sauti ile ya kumnyamazisha mtoto ilimtoka laini kabisa. Mimi niliwaza ng'ombe wa baba, nikaona anarudi kupumzika malishoni kwa sababu yangu.

Zamu yangu ikafika. Ndani walikuwa wawili. Mkuu wa shule alikuwa mama wa kizungu mwenye miwani na kikombe cha chai. Pembeni yake aliketi afisa wa elimu, Mjaluo mwenzetu, suti ya kijivu, tai imemkaba, hajatabasamu tangu asubuhi. Mama yule aliniuliza kama safari ilikuwa njema. Ndiyo. Kama nilikuwa na ndugu. Ndiyo. Kama napenda kusoma. Ndiyo, asante. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, navihesabu vidole vya miguu, na nilijua kabisa kinachotokea. Nilikuwa naomba chumvi, na nilikuwa nanyimwa. Alijaribu maswali mengine mawili, akapata majibu yale yale, akafunga jalada langu polepole. Afisa alitazama saa yake.

"Basi," yule mama alisema, bila matumaini makubwa, "hebu tueleze kidogo kuhusu wewe."

Nilifungua mdomo, hakuna kitu. Akanihurumia, nadhani, akageukia chai yake, akaitia sukari na kukoroga. Kisha akagonga kijiko ukingoni mwa kikombe ili kidondoshe chai yake. Tang.

Naapa sikuamua. Niliinua kichwa, mkono ukaenda kiunoni wenyewe.

"Simamisheni wimbo," nilisema kwa Kiingereza, ingawa hapakuwa na wimbo. "Mimi ndiye. Mimi msichana wa Sori, mjukuu wa mwanamke anayepasua samaki mia kabla jogoo hajakumbuka kazi yake. Mimi niliyewaacha wavulana kwenye hesabu wakitafuta kofia zao. Insha yangu ikisomwa, mwalimu husimama wima. Anayeuliza kama najua kazi na aitazame mikono hii. Anayeuliza kama najua kitabu na akilete, akiweke hapa, aniache nacho hadi jioni, kisha aniulize. Miaka mitatu nimenyamaza, na nilipokuwa nimenyamaza nilikuwa nakolea chumvi. Leo nimetoka juani. Nipeni nafasi hii, na shule hii itajulikana kwa jina langu hadi ng'ambo ya ziwa."

Neno la samaki nililitamka vibaya kabisa, lakini kwa sauti ya mtu anayetoa. Nilipomaliza nilikuwa nahema. Miwani ya yule mama ilikuwa imeteremka hadi ncha ya pua.

Na hapo ndipo afisa wa elimu, mtu wa tai na jalada, alipojisahau. Alipiga meza kwa kiganja, akaingiza mkono mfukoni, akatupa senti kumi katikati ya karatasi za serikali, akasimama. "Simamisheni wimbo," alisema, kwa Kiingereza kilekile. "Mimi mwana wa upande ule wa mlima ambako ng'ombe hawapotei kwa sababu wananiogopa. Mimi niliyetembea pekupeku kwenda shuleni hadi barabara ikaomba msamaha. Mimi ninayetia sahihi..." Akasikia sauti yake mwenyewe. Akakohoa. Akaketi, akarekebisha tai.

Mkuu wa shule alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaitazama senti.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

"Ni ya mpiga muziki, madam," afisa alijibu, na masikio yake yalikuwa yamewaka kwa aibu.

Mama wa watu akageuza shingo, akamtafuta mpiga muziki nyuma ya mlango. Hakumwona. Akafungua tena jalada langu, akaandika kwa muda mrefu, kisha akaniambia naweza kwenda.

Nje baba aliniuliza kama nilisema ndiyo, bwana. Nikasema nilisema na mengine. Nikaanza kulia, na nililia hadi Rodi Kopany. Nilikuwa nimemwonyesha mzungu majivuno, nimemharibia afisa wa serikali heshima yake, na nimemrudisha ng'ombe wa baba malishoni bila kuuzwa. Baba hakuelewa kilichotokea, lakini alinunua mahindi ya kuchoma mawili, yote akanipa mimi. Nilimpenda sana siku ile.

Barua ya pili ilikuja baada ya wiki sita. Nafasi moja alipewa binti wa karani. Nyingine nilipewa mimi.

Sori ikajaa walimu. Mwalimu wa kaptura alitangaza kanisani kwamba ni majibu mafupi yaliyoniokoa, na mwaka uliofuata aliyafundisha darasa zima. Baba aliwaambia wenzake mgodini, muda mfupi kabla haujafungwa, kwamba siri ya Kiingereza ni kuitikia haraka. Hata yule mvulana aliyenicheka darasa la nne alisema ni yeye aliyenitia ukakamavu. Nyanya peke yake hakudai kitu. Nilipomweleza habari ya senti ya afisa alitikisa kichwa mara moja, akauliza kama ilikuwa nzima au ya kutoboka.

Ng'ombe aliuzwa, nikaenda. Binti wa karani akawa jirani yangu wa dawati, na hakuna mtu aliyenitendea wema kumshinda. Alinifundisha ile sauti. Ilichukua muhula mzima, ananiwekea kidole mdomoni kama mtoto wa kunyamazishwa, na siku nilipomtamka samaki sawasawa tulikumbatiana bwenini. Akanifundisha na adabu. Nilijifunza kwamba Mwingereza hasemi anataka chai. Husema anajiuliza kama labda, endapo si usumbufu, pangekuwa na chai. Nilijifunza kusema naogopa huenda nimeelewa vibaya wakati naelewa vizuri kabisa na mwenzangu ndiye mjinga. Mkono ulitoka kiunoni. Sauti ikashuka. Mkuu wa shule hakunitajia ile siku ya kijiko hata mara moja. Mwaka wa nne nilipewa tuzo ya kuongea Kiingereza bora, kitabu chenye jalada gumu, nikakifunga kwa gazeti kisichafuke, nikarudi nacho nyumbani.

Nyanya alikuwa amezeeka. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na samaki sasa waligeuzwa na mama, lakini bado aliletwa kuketi karibu na kichanja, kisu mapajani na beseni kando, asikie kazi ikifanywa. Nikampa kitabu akakipapasa, akakinusa, akanirudishia.

"Sema nikisikie."

Nilisimama kwa viatu vyangu na kusema hotuba iliyonipa tuzo. Niliisema yote, bila kosa, kila sauti mahali pake. Neno la samaki lilinitoka laini hata mwenyewe nikalipenda. Nilipomaliza mama alipiga makofi. Nyanya hakupiga. Alikuwa ameinamisha sikio upande wangu kama mtu anayesubiri mgeni ambaye amesikia hodi yake lakini haingii.

"Ni nani huko amekunyima chumvi?" aliuliza.

Nilisema hicho ndicho Kiingereza kizuri, Dana, ndicho chenyewe hasa. Akasema sawa, amekubali, kinateleza vizuri. Miaka minne, ng'ombe wa baba, kitabu chenye jalada gumu, na mwanamke asiyejua neno moja la lugha ile alikuwa amesikia nilichokipoteza. Niliona hasira, kisha aibu. Nilitaka kumwambia hajui anachosema, na nilijua anajua.

Nyanya akapapasa kando, akalipata beseni, akaligonga kwa mpini wa kisu.

Nilivua viatu. Sijui kwa nini, ila nilivivua. Nikasogea karibu na samaki, mkono kiunoni, na nikausimamisha wimbo kwa Kiingereza. Nilisema mimi ni nani. Nilisema habari ya kijiko, na ya afisa, na ya baba na mahindi yake mawili. Nilisema nimekula mkate wao kwa miaka minne na bado nanuka chumvi. Lile neno lilipofika nililiacha liende lilivyotaka, na likatoka kama lilivyomtoka mwalimu wetu.

Vidole vya nyanya vikatafuta fundo la leso, vikalifungua taratibu, na akatupa senti juu ya kichanja, katikati ya samaki.

"Nishike mkono nisimame," alimwambia mama.